Kujisifu Mlangoni pa Mchapishaji

Mtu aliyelelewa katika adabu za pwani, akafunzwa chuoni tangu utotoni kwamba sifa ya mja hutoka vinywani mwa wenziwe na si kinywani mwake, hufika siku moja, akiwa amekwisha kuandika kitabu, mahali ambapo mafunzo hayo yote yanaonekana kumgeukia. Kwa kuwa mchapishaji, ambaye hakupata kumwona wala kumsikia, humtaka aandike barua ya ukurasa mmoja au miwili aeleze kazi yake ni nini, ina fadhila gani, nani ataisoma, na kwa nini yeye, miongoni mwa waja wote wa Mwenyezi Mungu, ndiye aliyestahiki kuiandika. Hapo kalamu iliyokwenda mbio kurasa mia tatu husimama. Akisema kuwa kazi yake ni njema, anaogopa kuingia katika ujuba. Akisema haina thamani, anasema uongo, maana kama angeamini hivyo asingeipeleka. Na akinyamaza, mchapishaji hana njia ya kujua kilichomo ndani ya bahasha.

Wako wasemao kwamba hili ni jambo dogo la ada za ofisini, la kumalizwa kwa kanuni chache za bahasha na pambizo, na kwamba kuliingiza katika elimu ya dini ni kulikuza kupita kimo chake. Mimi sioni hivyo. Kanuni za bahasha hufunzika katika alasiri moja. Lakini mtu ajizungumzie namna gani mbele ya mwenye uwezo wa kumkubali na kumkataa, asijidhalilishe wala asijitukuze, hilo ni swali lililowashughulisha wanavyuoni kabla mashine ya kupigia chapa haijabuniwa, na jawabu walilolitoa, kwa kadiri nilivyolielewa, linamfaa mwandishi kuliko miongozo mingi anayouziwa siku hizi.

Barua zinazowafikia wahariri, kwa mtu aliyewahi kuombwa azipitie, aghalabu huwa za makundi mawili. Kundi la kwanza huanza kwa kuomba msamaha wa kuwapo kwake: mwandishi ni mja dhaifu, kazi yake ni vijikaratasi visivyostahili kutupiwa jicho, na ikiwa bwana mhariri ataona karaha basi avitie jalalani bila ya kujisumbua kujibu. Mwandishi wa barua hiyo hudhani kwamba ametawadhui, ilhali amemtwika msomaji kazi ya kumkanusha na kumbembeleza, na sifa anayoikimbiza mlangoni anaitarajia irudi dirishani. Kundi la pili hutangaza kwamba kitabu cha namna hii hakijapata kuandikwa tangu Kiswahili kianze kusemwa, kwamba kitasomwa katika kila shule toka Lamu hadi Kigoma, na kwamba mchapishaji atakayekikataa atakuja kujuta mbele ya wanawe. Barua hizi hutukanana kwa lafudhi, lakini zina kasoro moja wanayoshiriki waandishi wake: mtu akizimaliza zote mbili bado hajui kama kilichomo bahashani ni riwaya, tamthilia au diwani ya mashairi.

Sasa tuzitazame nassi, kwa kuwa wasiwasi wa mwandishi mcha Mungu hautokani na soni peke yake. Qurani, katika sura ya Najm aya ya 32, imewakataza watu kuzitakasa nafsi zao, kwa hoja kwamba Mungu ndiye amjuaye zaidi aliye mchaji. Na katika Biblia, kitabu cha Mithali sura ya 27 kimeiachia kazi ya kusifu mtu mwingine na kuizuia midomo ya mwenyewe. Imam al-Ghazali wa Tus, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika kitabu chake cha kuhuisha elimu za dini aliitenga robo moja nzima kwa mambo yanayomwangamiza mtu, na katika robo hiyo kimo kitabu cha kupenda jaha na riya, na mara baada yake kitabu cha kibri na ujuba. Kama mambo yangeishia hapo, basi uandishi ungeachiwa wasiokuwa na haya. Na yamkini wako wasomaji watakaosema kwamba ndivyo ilivyo.

Lakini mambo hayakuishia hapo, kwa sababu Qurani hiyohiyo, katika sura ya Yusufu aya ya 55, yamwonyesha Mtume huyo wa Mungu akisimama mbele ya mfalme wa Misri na kujitaja kwa wema, tena akiomba cheo, wala asilaumiwe. Imam an-Nawawi, mzaliwa wa kijiji cha Nawa katika nchi ya Sham, aliyefariki mwaka 1277, amefungua katika kitabu chake cha al-Adhkar mlango wa mtu kuzitaja sifa zake mwenyewe, akazikabili aya hizi mbili, akapambanua kwa insafu: kujitaja kwa ajili ya fahari, na kwa kutaka kuwapanda wenzio vichwani, ni jambo la kulaumiwa, na kujitaja kwa maslahi yanayowafaa watu, ili maneno ya msemaji yapate kukubaliwa na asiyemjua, au ili adha iondolewe, ni jambo la kupendeza. Mtume Paulo naye, katika waraka wake wa pili kwa Wakorintho, alihesabu taabu zake na safari zake na mapigo aliyopigwa, huku akikiri kwamba anasema kama mpumbavu, kwa kuwa waliomtilia shaka walikuwa wamemlazimisha. Watu hawa wawili, mmoja wa Misri na mmoja wa Tarso, walisema habari zao pale tu ambapo kunyamaza kungeliidhuru kazi waliyokabidhiwa.

Kisa cha Yusufu kinajulikana na kila mtoto wa chuoni, lakini chastahili kusomwa tena kwa jicho la mtu anayetaka kuandika barua. Yusufu alikuwa mgeni katika nchi ile, mtumwa aliyenunuliwa, mfungwa aliyetiwa gerezani kwa dhulma, na mfalme hakuwa na njia ya kumjua ila kwa yale ambayo yeye mwenyewe angeyasema na kuyatenda. Alipoomba awekwe juu ya hazina za nchi alijitaja kwa sifa mbili, ulinzi na ujuzi, na hizo ndizo hasa ambazo kazi ya hazina inazihitaji, kwa kuwa mtunza ghala asiye mlinzi ataiba, na asiye mjuzi atapoteza. Mfasiri al-Qurtubi, mwana wa Andalusi aliyefia Misri mwaka 1273, ametuzindua juu ya yale ambayo Yusufu hakuyasema. Hakusema kwamba ana nasaba, naye ni mwana wa Yaakubu mwana wa Is-haka mwana wa Ibrahimu. Hakusema kwamba ana jamali, naye ndiye yule ambaye wanawake wa mji walijikata mikono kwa kumwona. Nami naongeza kwamba hakuitaja miaka ya gereza ili aonewe huruma, wala hakuwataja nduguze waliomtupa kisimani, ingawa masimulizi hayo yangeweza kumliza mfalme yeyote mwenye moyo.

Katika kunyamaza huko imo zaidi ya nusu ya adabu ya barua ya mwandishi. Kwamba mwandishi ni wa ukoo maarufu, kwamba ana shahada ya fani isiyohusiana na kitabu, kwamba mkewe na rafiki zake wamekisoma wakakipenda, hayo ni nasaba na jamali. Kwamba aliandika usiku kwa mwanga wa kibatari, akauza mbuzi wake wa mwisho apate karatasi, hayo ni gereza na kisima. Yamkini ni kweli tupu, na siku moja yatapamba tawasifu yake, lakini hayamwambii mhariri kama sura ya kwanza inasomeka. Linalopasa kusemwa ni jina la kazi, na aina yake, na urefu wake, na umri wa wasomaji inaokusudia, na kama imekamilika, na kama imepata kutolewa mahali pengine, japo sehemu yake gazetini. Kisha, kuhusu mwandishi, lile tu linalomfanya awe shahidi wa maneno yake. Muuguzi aliyeandika riwaya ya wodi ya wazazi na aseme kwamba ni muuguzi, na asiwe na haya, kwa maana huo ndio ujuzi. Na aliyepata kutimiza ahadi zake kwa mchapishaji mwingine, akarudisha masahihisho kwa wakati, na aseme hilo pia, kwa maana huo ndio ulinzi.

Neno hili la ushahidi ndilo ninaloliona kuwa kiini cha jambo lote. Sifa na ushahidi huweza kutumia maneno yaleyale, lakini shahidi mbele ya kadhi haulizwi kama anaipenda kesi. Huulizwa alichokiona, na akithubutu kusema asichokiona ameingia katika dhambi kubwa. Mwandishi akisema kwamba kitabu chake ni cha maneno elfu sitini, kinasimulia habari za mabaharia wa Pemba, na kinawakusudia vijana wa sekondari, ametoa ushahidi ambao mhariri ataupima mwenyewe saa hiyohiyo. Akisema kwamba kitasomwa katika kila shule, ameshuhudia jambo lililo mikononi mwa wengine. Maana vitabu vya shule huko Kenya hupita kwa taasisi ya ukuzaji wa mitaala, na Tanzania hupita kwa Taasisi ya Elimu, kama vile katika zama za Waingereza vilivyokuwa vikipita mbele ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ambayo haikuwa na desturi ya kumwuliza mwandishi anajionaje. Mhariri anayajua hayo kuliko mwandishi, na ahadi ya uongo katika mstari wa tatu humfanya autilie shaka mstari wa kwanza, ambao yamkini ulikuwa kweli.

Tena Yusufu hakusema neno lake mpaka alipokwisha kuifanya kazi. Ndoto ya mfalme alikuwa amekwisha kuifasiri, na shauri la kuhifadhi nafaka masukeni kwa miaka saba alikuwa amekwisha kulitoa, bila ya malipo, kabla hajaahidiwa kitu. Wako waandishi wanaomwendea mchapishaji na wazo, wakitaka kwanza wakubaliwe ndipo waandike. Katika vitabu vya elimu na ujuzi hilo lina nafasi yake, lakini katika riwaya na ushairi, kwa mtu asiyejulikana, ni kumtaka mfalme atoe ufunguo kabla ndoto haijafasiriwa. Mwezi wa Juni mwaka 1962, waandishi wa Kiafrika walipokutana katika chuo cha Makerere, mwanafunzi mmoja wa chuo hicho aitwaye James Ngugi, ambaye ulimwengu umekuja kumjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, alimpa Chinua Achebe mswada wa riwaya yake ausome. Achebe alikuwa mgeni mashuhuri, na kijana yule hakuwa na cheo. Lakini hapana aliyekiita kitendo chake ufidhuli, kwa sababu mswada ulikuwapo, umeandikwa, ukaweza kushikwa kwa mikono na kujisemea wenyewe. Achebe akaufikisha kwa kampuni ya Heinemann huko London, na mwaka 1964 ukatoka kwa jina la Weep Not, Child.

Lakini tusiwe wepesi wa kuwategemea waombezi. Yusufu huyohuyo, akiwa gerezani, alimwomba mfungwa mwenziwe aliyekaribia kufunguliwa amtaje mbele ya bwana wake, na mwenziwe akasahau, na Yusufu akakaa gerezani miaka mingine ambayo wafasiri huikadiria kuwa kati ya mitatu na tisa. Kijibarua cha mheshimiwa fulani, kikiambatanishwa na mswada, hufanya moja katika mawili: mheshimiwa husahau alichokiandika, au mhariri hukikumbuka mno, akakichapisha kitabu kwa kuogopa na kukichukia maisha yake yote. Ama zawadi, za vyakula na za bahasha, hukumu yake inajulikana na haina haja ya maneno.

Nageukia sasa upande wa pili wa mlango, ambao miongozo ya waandishi huunyamazia, kana kwamba adabu ni deni la mwombaji pekee. Tendo la kumtolea mtu kitu chako ukipendacho, ukangoja jawabu lake, limo katika mila zetu na katika dini yetu, na pahala pake panapojulikana zaidi ni posa. Najua kwamba binti si kitabu, na kwamba kila mlinganisho una mahali unapokatikia. Walakini kisa cha Hafsa, kama alivyokipokea Imam Bukhari, chasema juu ya kukubaliwa na kukataliwa mambo ambayo sijayaona yakisemwa vizuri zaidi mahali pengine popote.

Khunays bin Hudhafa, mmoja wa watu wa Badri, alifariki Madina, na mkewe Hafsa binti Umar akabaki mjane. Baba yake hakukaa kitako kungoja posa. Alimwendea Uthman bin Affan akampa fursa ya kumwoa binti yake, na Uthman akaomba muda wa kulitazama jambo lile, masiku yakapita, kisha akakutana naye akamjibu kwamba ameona bora asioe kwa wakati ule. Umar akamwendea Abubakari kwa maneno yaleyale, na Abubakari akanyamaza, asimrudishie neno. Umar mwenyewe ndiye anayesimulia kwamba moyo wake ulimkasirikia Abubakari kuliko ulivyomkasirikia Uthman. Masiku mengine yakapita, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamposa Hafsa; ndipo Abubakari alipomwendea Umar, akamwuliza kama alichukizwa naye, na Umar akakiri, naye akaeleza kwamba hakuna kilichomzuia kujibu ila alikuwa amemsikia Mtume akimtaja binti yule, na hakutaka kuifichua siri ya Mtume; na lau Mtume angemwacha, yeye angemkubali.

Bukhari amekiweka kisa hiki katika mlango wa mtu kumtolea binti yake au dada yake watu wema, na kwa kukiweka hapo amekwisha kuhukumu kwamba kutoa si aibu na kwamba mtoaji hakujidhili. Umar, kwa jaha yake yote, alibisha milango miwili na hakupata. Mwandishi aliyekataliwa na wachapishaji wawili hana sababu ya kujiona kuwa amevuliwa nguo hadharani. Kisha mtazame Uthman: aliomba muda, akarudi mwenyewe kabla hajafuatwa, akatoa jawabu fupi lisilomtaja binti kwa ila yoyote wala kumpa baba matumaini ya uongo. Sijui barua ya kukataa iliyo bora kuliko hiyo, na wahariri wangelifaa kuiiga, badala ya kumwandikia mtu aya tatu za pole ambazo mwisho wake hajui kama amekataliwa au ameambiwa angoje.

Ama ule ukimya, nimeufikiri sana. Kilichomuumiza Umar hakikuwa kukataliwa, kwa kuwa alikwisha kukataliwa na Uthman na akavumilia. Kiliuma kile cha kuachwa bila ya neno, asijue kama maneno yake yamefika. Waandishi wa Kiswahili wanaujua uchungu huo. Kazi za watu wakubwa kuliko sisi zilikaa miaka bila ya kuona chapa: Kufikirika ya Shaaban Robert iliandikwa katika miaka ya 1940, na kitabu kikaja kutoka baada ya mwandishi kufariki mwaka 1962. Lakini kisa cha Hafsa kina insafu pande zote mbili, maana Abubakari alikuwa na udhuru wa kweli. Mchapishaji naye huweza kuwa na udhuru: mswada uko kwa msomaji wa pili, fedha za mwaka hazijagawanywa, au kuna kitabu kingine cha mada hiyohiyo ambacho habari zake si ruhusa kutolewa. Adabu ya Abubakari ilikuwa kwamba siku ile udhuru wake ulipoondoka, alimfuata Umar kwa miguu yake, akaanza yeye kusema, wala hakungoja kuulizwa. Mchapishaji ambaye udhuru wake umekwisha mwaka jana na bado amenyamaza hana sehemu katika fadhila hiyo.

Siku hizi wachapishaji wengine hutangaza mapema kwamba asiyejibiwa katika miezi kadhaa na ajihesabu kuwa amekataliwa. Imam Shafii, ambaye watu wa pwani wengi humfuata, anajulikana kwa kanuni kwamba aliyenyamaza hasingiziwi kauli. Na hata hivyo mafakihi wakamtoa bikira katika kanuni hiyo, wakaufanya ukimya wake kuwa ni uradhi. Kwa hiyo ukimya wa bikira ni ndiyo na ukimya wa mchapishaji ni hapana, na aliyepewa sharti hilo mapema akalikubali hana dai. Mahali ambapo sharti halikutolewa, mwandishi na angoje muda ambao kampuni imeutaja, kisha aandike mistari miwili ya kuuliza, akitaja jina la mswada na tarehe aliyoupeleka, bila ya kulaumu wala kukumbusha hisani. Na akikataliwa, asijibu. Kukasirika ni haki ya mwanadamu, na Umar alikasirika. Lakini katika kisa hicho hatusikii kwamba alimwendea mtu kugombana naye.

Mswada nao, tangu unapovuka kizingiti cha ofisi, ni amana, na Qurani katika sura ya Nisaa imeamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Achebe huyohuyo, mwaka 1957, aliupeleka London kwa posta mswada wa riwaya yake ya kwanza, ulioandikwa kwa mkono na usiokuwa na nakala ya pili, ili kampuni moja ya huko iupige taipu. Miezi ikapita bila ya kitu, na barua zake kutoka Lagos hazikupata jawabu la maana, mpaka mkuu wake wa kazi katika idara ya utangazaji, Angela Beattie, alipokwenda Uingereza likizo akaingia katika ofisi ile na kuudai. Things Fall Apart ikatoka mwaka 1958, nakala 2,000 katika chapa ya kwanza. Watu hulitumia tukio hili kumwonya mwandishi aweke nakala, na onyo ni sahihi. Mimi lanishangaza zaidi kwamba watu waliolipwa waliweza kukalia kazi ya mtu miezi yote hiyo wakanywa chai juu yake, kwa kuwa mwenyewe alikuwa mbali na hakuwa na wa kumsemea.

Liko swali linaloulizwa kila mahali waandishi wanapokutana, nalo ni kama yafaa kuupeleka mswada mmoja kwa wachapishaji wawili au watatu kwa wakati mmoja. Wachapishaji wengi hulichukia jambo hili, nao wana hoja, maana msomaji wa mswada hulipwa, na hakuna apendaye kulipia hukumu ya mali iliyokwisha kutwaliwa na mwingine. Hapa tena mlango wa ndoa watusaidia. Imekatazwa mtu kuposa juu ya posa ya nduguye. Lakini Fatima binti Qays, baada ya eda yake, alimjia Mtume akamweleza kwamba ameposwa na Muawiya na pia na Abu Jahm, na Mtume hakulikemea hilo, bali alimshauri aolewe na Usama bin Zayd. Mafakihi wakaelewa kwamba katazo hushika pale ambapo upande mmoja umekwisha kuelekea na kukubali. Kwa mlinganisho huo, naona kwamba mwandishi aweza kubisha milango kadhaa maadamu hakuna aliyemfungulia na maadamu amewaambia wote kwamba wako kadhaa. Lakini siku mmoja atakaposema ndiyo, na mwandishi akaridhika na masharti yake, basi siku hiyohiyo awaandikie wengine, wala asiutumie uradhi wa mmoja kuwa mnada wa kupandisha mrabaha. Na mchapishaji aliyeandika wazi kwamba hapokei mswada ulio kwingine, sharti lake liheshimiwe au mlango wake uachwe.

Katika hadithi hiyohiyo lipo jambo ambalo wasomaji wa miswada, wale wanaopelekewa kazi ili watoe rai, wangelifaa kulitia maanani. Mtume alipotakwa shauri alieleza ila ya kila mposaji kwa uwazi: mmoja hana mali, na mwingine ni mkali kwa wanawake. Wanavyuoni, an-Nawawi akiwa mmoja wao, wakatoa humo hukumu kwamba kutaja kasoro ya mtu kwa aliyekutaka shauri si kusengenya, ila kwa kadiri ya haja. Msomaji aandike basi kwamba mazungumzo ni mazito na kwamba mwisho umekuja ghafla, asione haya, kwa sababu kunyamaza kungekuwa khiyana kwa aliyemwamini. Lakini kama mwandishi alimtukana barazani mwaka juzi, hilo halimo katika mswada, na mahali pake si katika ripoti.

Limebaki suala la ila ambazo mwandishi mwenyewe anazijua. Katika sheria ya kuuza na kununua, muuzaji hana ruhusa ya kuificha ila isiyoonekana, na Mtume alipotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni Madina, akakuta umajimaji chini, alimwamrisha mwenyewe auweke juu watu wauone. Yako basi mambo ambayo mwandishi hulazimika kuyatamka bila ya kuulizwa, hata kama yatamkosesha kitabu: kwamba sehemu ya kazi ilikwisha kuchapwa, kwamba mwenziwe aliandika nusu yake, kwamba hadithi ya sura ya nne aliitwaa kwa mzee ambaye hakutaka jina lake litajwe, kwamba hakimiliki ya picha si yake. Hayo yamo chini ya chungu, na mchapishaji hawezi kuyaona mpaka siku ya kesi. Ila iliyo dhahiri ni jambo jingine, kwa kuwa mnunuzi aliyekikagua kitu na kuiona ila yake kwa macho hana dai, na sheria haikumlazimisha muuzaji kuipigia kelele. Mwandishi anayehisi kwamba sura ya saba imelegea hana wajibu wa kuiungama katika barua. Na airekebishe akiweza, na asipoweza aiache. Msomaji wa mswada ataifikia mwenyewe, naye kwa kazi hiyo hulipwa. Na mara nyingine, tusikatae, huiona sura ya saba kuwa ndiyo njema kuliko zote, akataka iondolewe ya pili, ile ambayo mwandishi alikuwa ameiandikia aya nzima ya sifa.